Tunajenga Njombe: tuchague mfumo gani wa maji ya moto na joto la nyumba?

“Habari za kazi, mhandisi. Mimi na mume wangu tunajenga Njombe, nje kidogo ya mji. Kuta zimesimama, bati limepigwa, lipu bado. Tutakuwa watu sita: sisi wawili, watoto watatu na mama mkwe mwenye miaka 76. Baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba unaijua. Tunataka mfumo mmoja utakaotupa maji ya moto na kupasha nyumba joto. Fundi wetu anasema tufunge shawa za umeme tu, ni rahisi. Duka moja la mjini limetutajia sola ya maji ya lita 200 kwa shilingi 2,800,000 pamoja na kufunga, lakini jirani anasema sola haifanyi kazi wakati wa baridi. Shemeji yangu aliyeko Ujerumani anasema tuachane na hayo yote, tuweke pampu ya joto na mabomba chini ya sakafu kama kwao. Umeme tunanunua karibu shilingi 350 kwa uniti. Kwa sasa tumepanga. Mama tunamwekea jiko la mkaa chumbani usiku, likishakolea na moshi kuisha. Asubuhi huamka na kichwa kizito lakini anasema ni uzee. Tuchague nini?”

Dada, swali lako ni la ujenzi na pesa, na nitafika huko. Lakini sentensi zako za mwisho, zile za jiko na kichwa cha mama, zimenifanya nikujibu leo badala ya kungoja zamu yako. Tuanze na mama.

Jiko la mkaa lisilale tena chumbani kwake, kuanzia usiku huu. Najua mnafanya hivyo kwa mapenzi, na nyumba nyingi za Njombe, Makete na Mufindi hufanya vivyo hivyo. Wengi wetu tumekuzwa tukiambiwa kwamba hatari ni moshi, na kwamba mkaa ukishakolea ukawa mwekundu, umekuwa salama. Ni kinyume chake. Moshi unauona, unakuwasha macho, unakufukuza. Mkaa uliokolea hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha chochote, na huitoa kwa wingi zaidi pale hewa inapokuwa haba, yaani chumba kikiwa kimefungwa na mtu akiwa usingizini. Damu huishika gesi hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Ikishaingia haitoki upesi: hata ukitoka nje kwenye hewa safi, huchukua saa nne hadi tano kwa nusu yake tu kuondoka mwilini.

Kwa hiyo muulize mama maswali mawili. Je, kichwa humwachia kufikia mchana? Na siku ambayo jiko halikuwashwa, huamka nacho? Kama maumivu yanafuata jiko, huo si uzee.

Nayasema haya nikiwa nimeyapitia. Nilipokuwa kijana nikijifunza kazi, tulilala watu wanne kwenye chumba cha saiti kule Makete, mwezi wa saba, karai la mkaa likiwa katikati yetu. Niliamka usiku nikisikia kichwa kinagonga kama nyundo. Nilitaka kukaa, miguu ikakataa. Akili ilikuwa inaelewa kuwa kuna kitu si sawa, lakini mwili haukujali. Aliyelala karibu na mlango alijiburuta akaufungua, na hewa ya baridi ilipoingia tulitapika wote wanne pale nje kwenye umande. Mlango ule ulikuwa hatua tatu kutoka nilipolala, na nisingeufikia.

Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kuwa kinga, kwa sababu hujui upepo utavuma upande gani usiku. Beseni la maji karibu na jiko halisaidii kitu. Gesi hii haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha maana. Mpelekeni mama hospitali akapimwe, na mwambieni daktari waziwazi kuwa amekuwa akilala na jiko la mkaa. Hilo ni la muhimu, kwa kuwa kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba gesi hii. Kinaweza kuonyesha namba nzuri huku mtu ameathirika. Na kama siku moja mtamkuta amechanganyikiwa au haamki, fungueni milango, mtoeni nje kwanza, kisha mkimbizeni hospitali yenye oksijeni.

Wakati mkingoja nyumba, mpeni mama chupa mbili za mpira za maji ya moto, moja miguuni na moja tumboni. Maji ya Njombe huchemka kwenye nyuzi 93 hivi kwa sababu ya mwinuko, lakini huunguza vilevile, kwa hiyo yaacheni yapoe kidogo na viringisheni chupa kwa khanga au taulo. Kama ana kisukari au miguu yake ina ganzi, chupa isimguse ngozi kabisa, maana ataungua bila kusikia. Blanketi mbili, soksi na kofia ya sufu vitafanya kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Sasa nyumba.

Mmeomba mfumo mmoja wa kazi mbili, na hapo ndipo ningependa mbadili mawazo. Maji ya moto mnayahitaji kila siku ya mwaka, kwa kiasi kile kile karibu. Joto la chumba mnalihitaji jioni na usiku, kwa miezi mitatu hivi, kisha basi. Shemeji hajakosea, anaeleza nyumba ya nchi ambayo baridi hukaa nusu mwaka mchana na usiku, na kuta, dari na madirisha yamejengwa kuzuia joto lisitoke. Pale mtambo mmoja wa kazi zote una maana. Sakafu yenye mabomba huchukua saa nyingi kupata joto na saa nyingi kupoa. Nyumba ya Njombe inayotaka joto kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku haiendani nayo kabisa, na chini ya bati tupu mngekuwa mnapasha joto anga la Njombe. Kwa hiyo hilo la sakafu liwekeni pembeni.

Tuhesabu maji, kwa sababu hesabu hii ndiyo itakayowaambia nani anasema kweli kati ya fundi, duka na jirani. Uniti moja ya umeme hupandisha lita 860 za maji kwa nyuzi moja. Watu sita wakioga kwa shawa, kila mmoja lita 30, ni lita 180 za maji ya nyuzi 40. Tuchukulie maji ya bomba mwezi wa sita ni nyuzi 14. Mnahitaji kuyapandisha nyuzi 26. Zidisha 180 kwa 26, gawa kwa 860, unapata uniti 5.4 kwa siku. Kwa bei yako ni kama shilingi 1,900 kwa siku, au 57,000 kwa mwezi. Mkioga kwa ndoo na kopo, lita 15 kila mtu, gawa yote kwa mbili: shilingi 28,500. Uniti hizo 5.4 zitatumika kwa shawa ya umeme au kwa boila sawasawa, kwa kuwa kinachokula umeme ni maji, na hakuna kifaa cha waya unaopasha maji kinachoweza kuyadanganya. Na kama kwa sasa mmewekwa kwenye kundi la wateja wa matumizi madogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, mjue maji ya kuoga peke yake yatawatoa huko.

Shawa ya umeme anayoisema fundi wenu ni rahisi kununua, na katika nyumba ya Dar es Salaam au Morogoro ningemwacha afunge. Njombe ina tatizo lake. Shawa ya wati 5,500 inaweza kupandisha lita 3 tu kwa dakika kwa zile nyuzi 26. Lita 3 kwa dakika ni maji yanayochuruzika. Mtu anajipaka sabuni upande mmoja huku upande wa pili unaganda. Halafu kuna volti. Umeme wa nje ya mji jioni ukishuka kutoka 230 hadi 180, nguvu ya shawa haishuki kwa robo kama watu wanavyofikiri, inashuka karibu kwa asilimia 40, na ile lita 3 inakuwa chini ya lita 2. Yaani saa ile ambayo kila mtu anaoga ndiyo saa ambayo shawa inachoka.

Jambo la pili ni usalama. Kwenye shawa nyingi za aina hii waya unaopasha maji uko ndani ya maji yenyewe. Kinachosimama kati yako na umeme ni ethi, ule waya wa kijani na njano, na fimbo ya shaba iliyochimbiwa ardhini ipasavyo. Nimefungua shawa nyingi nikakuta waya wa ethi umekatwa na kukunjwa juu ya dari, kwa sababu fundi aliona “inafanya kazi tu bila huo”. Nyingine nimekuta waya wa milimita 2.5 unabeba ampea 24, viungo vimezungushiwa seloteipu iliyogeuka rangi ya kahawia na kunuka plastiki iliyoungua. Mkiamua kufunga hata moja, iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, wa milimita 4 kwa uchache na 6 kama bodi iko mbali, iwe na breka yake, na bodi iwe na kile kifaa cha kukata umeme unapovuja ambacho mafundi hukiita RCD. Mtu akisema shawa “inamtekenya”, zimeni breka hapo hapo na msiiwashe tena mpaka fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) afike.

Tuje kwa jirani na sola. Anachokosea ni kudhani sola hutumia joto la hewa. Hutumia mwanga wa jua. Zile mirija nyeusi za kioo zina kuta mbili, na kati ya kuta hizo hewa imenyonywa ikatoka, kama ilivyo kwenye chupa ya chai. Mwanga unaingia, unageuka joto kwenye rangi nyeusi ya ndani, na joto halina njia ya kurudi nje. Maji yakipata joto yanakuwa mepesi, yanapanda kwenye tanki juu, ya baridi yanashuka, bila pampu wala umeme. Asubuhi ya nyuzi 6 yenye jua, mirija hufanya kazi vizuri. Kinachoiangusha ni ukungu na mawingu ya kutwa, na siku hizo mnazo, sitakuficha. Ndiyo maana nasema sola ya Njombe lazima iwe na waya wa akiba wa kupasha maji kwa umeme ndani ya tanki, wa wati 1,500 hivi, wenye thamostati na swichi mnayoiwasha wenyewe. Saa kumi jioni mtu anafungua koki, anashika maji. Ni ya moto? Basi. Ni vuguvugu? Anawasha. Kupandisha lita 100 kwa nyuzi 20 kunachukua saa moja na nusu na uniti zisizofika 2 na nusu. Swichi isiachwe imewashwa siku nzima, maana hapo umeme utafanya kazi ya jua na wewe utalipa.

Je, bei ya 2,800,000 ina maana? Tuseme jua litabeba asilimia 80 ya kazi kwa mwaka. Mkioga kwa shawa mnaokoa kama shilingi 45,000 kwa mwezi, na pesa inarudi kwa miaka mitano. Mtambo mzuri uliofungwa vizuri hupita umri huo kwa mbali. Lakini mkibaki na ndoo na kopo, pesa itarudi kwa miaka kumi, na hapo ningekuambia usiharakishe. Kaeni na mume wako mjiulize kwa ukweli mtaoga vipi. Kwa nyumba ya watu sita yenye mtu wa miaka 76 asiyepaswa kuinua ndoo, mimi ningefunga sola.

Mkiifunga, kuna mambo ambayo duka huenda lisiwaambie.

Ulizeni kama ni ya presha au isiyo ya presha. Nyingi za bei hiyo si za presha: maji yanashuka kwa uzito wake tu kutoka simtanki hadi kwenye sola na kutoka sola hadi bafuni. Kwa hiyo simtanki lazima likae juu kuliko tanki la sola, na mnara wake ujengwe sasa kwa kipimo hicho. Msije mkaunganisha pampu moja kwa moja kwenye tanki lisilo la presha, litapasuka mishono. Kijibomba cha kupumulia kilicho juu ya tanki kisizibwe kamwe. Nimeona tanki limekunjamana kama kopo la maziwa lililokanyagwa, kwa sababu mtu alikiziba asivuje. Maji yalipotoka hewa haikuingia, na tanki likajinyonya lenyewe.

Kisha mwelekeo. Njombe iko kusini mwa ikweta, nyuzi 9 na kitu, na mwezi wa sita jua la saa sita mchana liko kaskazini. Mirija itazame kaskazini, ikiinama nyuzi 20 hadi 25, ili ilipate jua vizuri wakati wa baridi ambapo mnalihitaji zaidi. Mafundi wengi hufuata mlalo wa bati popote unapoelekea. Msikubali; fremu hurekebishwa. Lita 200 za maji na chuma chake ni kama kilo 280, na uzito huo ukae juu ya kenchi, usikae juu ya papi. Kama kenchi zenu ni za mbao nyembamba, mwiteni mtu wa miundo azitazame kabla tanki halijapanda.

Tanki lijazwe alfajiri au jioni. Mirija iliyokaa kwenye jua kavu ikimwagiwa maji ya baridi saa saba mchana hupasuka. Kwa Njombe na Makete ninachagua mirija kuliko zile za bapa zenye bomba nyembamba za shaba: usiku wa anga safi bapa hupoteza joto kuelekea angani hadi maji yaliyomo yanaganda, hata hewa ikiwa juu kidogo ya sifuri, na shaba inapasuka.

Lingine ni la watoto na mama. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, jua likiwa kali, tanki linaweza kufika nyuzi 80. Maji ya nyuzi 60 tu huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache. Wekeni vali ya kuchanganya maji, ile inayojirekebisha yenyewe, kwenye bomba linalotoka kwenye tanki, na ifungwe kwenye nyuzi 45 au chini yake. Hii si ya kuachwa kwa ajili ya kubana bajeti. Na mkisafiri wiki nzima ya ukungu, mkirudi pandisheni tanki hadi nyuzi 60 kwa umeme kabla ya kuoga, kwa sababu maji yaliyokaa vuguvugu siku nyingi huotesha bakteria wa mapafu.

Njia nyingine nitazipitia upesi. Pampu ya joto ya maji, anayoisema shemeji, ni kifaa kizuri kweli: huchota joto kutoka kwenye hewa, na kwa uniti moja ya umeme hutoa kama uniti tatu za joto, hivyo zile 5.4 zingekuwa 1.8 hivi. Ninazipendekeza kwa nyumba za wageni zenye vyumba vingi. Kwenu kinachonizuia ni bodi yake ya elektroniki na umeme unaopanda na kushuka, na kwamba ikifa huenda mtangoja fundi atoke mbali. Hita ya gesi hutoa maji mengi mara moja, lakini inachoma moto, na moto ule ule hutoa ile gesi ya jiko la mama. Ikifungwa, ikae nje ukutani, kamwe isiingie bafuni. Halafu kuna pipa la kuni lenye dohani katikati, ambalo Wakenya wa Limuru na Nyahururu huliita kuni buusta. Kwa mtu mwenye shamba lake la miwati ni jibu zuri na la bei ndogo. Sharti lake moja: bomba la juu la kutolea mvuke libaki wazi muda wote. Kulifunga ni kutengeneza bomu.

Sasa joto la chumba, na hapa pesa yenu ya kwanza isiende kwenye mtambo wowote. Iende kwenye dari.

Chukua chumba cha mama cha mita 4 kwa 4. Ndani nyuzi 20, nje nyuzi 8. Kama juu yake kuna bati tupu, joto linatoka kupitia bati hilo kwa kasi ya wati zaidi ya 1,300. Hita ya wati 1,500 ingefanya kazi usiku kucha kuziba tundu hilo moja tu. Wekeni silingibodi au jipsamu, juu yake mlaze sufi ya kioo ya sentimita 5, na hasara inashuka hadi wati 150 hivi. Sentimita 10 ni bora zaidi. Huko kwenu maranda ya viwanda vya mbao yako kila mahali na mtu atawashauri mjazie hayo. Sikubaliani naye, kwa ajili ya moto na panya.

Tundu kati ya ukuta na bati juu ya vyumba lisiingize upepo chini ya dari. Dari izibwe vizuri pembeni, huku juu yake hewa ikiendelea kupita ili unyevu usiozeshe kenchi. Madirisha ya luva yaachieni watu wa Tanga. Kwenu yawe ya kufunga kabisa, na mapazia mazito yenye kitambaa cha pili, yafike sakafuni. Kama bado hamjaamua nani analala wapi, mama apewe chumba chenye dirisha la kaskazini. Mwezi wa sita jua litaingia mpaka ndani, litapasha ukuta wa tofali za kuchoma, na tofali litarudisha joto hilo jioni bila uniti hata moja.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza ndani kusipungue nyuzi 18 wakati wa baridi, na kwa wazee pawe na zaidi kidogo. Chumba chenye dari niliyoieleza kitafika huko kwa hita ya mafuta, ile yenye mbavu kama rejeta ya gari, ya wati 1,000 hadi 1,500 na thamostati. Ikila uniti 3 kwa usiku ni kama shilingi 1,050. Kwa siku 90 za baridi ni 94,500 kwa mwaka. Ndiyo gharama yote ya kumwondolea mama jiko la mkaa. Hita hiyo ichomekwe kwenye soketi ya ukutani yenyewe, si kwenye ekstensheni, na nguo zisianikwe juu yake.

Kwa sebule, kama mnapenda moto, na watu wa nyanda za juu tunaupenda, msijenge meko ya wazi. Inapendeza macho, lakini dohani yake hunyonya hewa ya joto ya chumba kizima na kuipeleka nje, na sehemu kubwa ya kuni huishia angani. Jiko la chuma lenye mlango unaofunga na bomba la moshi hubakisha ndani zaidi ya nusu ya joto la kuni. Bomba, likiwa na ganda la pili, lipite juu ya paa, mbao zikae mbali nalo, na kilele chake kizidi mgongo wa paa. Kuni zikaushwe mwaka mzima zikiwa zimepasuliwa. Kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kuchemsha maji yake yenyewe, na masizi yake ndiyo yanayoshika moto ndani ya bomba. Muwati mkavu ni bora kuliko msindano wenye utomvu. Na nakuomba kwa msisitizo: msichome vipande vya nguzo au mbao zilizotiwa dawa, hata kama mnapewa bure kiwandani. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki, na moshi wake na jivu lake ni sumu. Jiko hili linaweza kungoja mwaka wa pili au wa tatu. Dari haiwezi.

Kwa kuwa lipu bado, kuna kazi ya wiki hii. Mwambie fundi bomba alaze bomba mbili za PPR (plastiki inayostahimili maji ya moto) kutoka mahali tanki la sola litakapokaa: moja ya baridi, moja ya moto, ya moto ivalishwe sponji yake kabla ya kufukiwa. Asitumie PVC ya maji baridi, joto litailegeza. Ipimeni njia ya maji ya moto kwa futi kamba: kila mita 15 za bomba la milimita 25 hushika zaidi ya lita 3 za maji yaliyopoa ambayo mtu atayamwaga kabla ya moto kufika, kwa hiyo tanki likae juu ya bafu la mama, si juu ya gereji. Mwambie fundi umeme avute waya wa kulisha ile hita ya akiba ya tanki na waya wa soketi ya hita ya mama, kila mmoja na breka yake, na apime ethi kwa kifaa mbele yenu, mwone namba. Kisha mpige picha kuta zote kabla hazijafunikwa, futi kamba ikionekana kwenye picha.